Ng'onda na papa wanaingia wekundu ghalani: kosa ni la chumvi, la samaki au la hewa?

Mchuuzi wa Kongowea:

Asalaam aleikum jamaa. Nauza ng'onda na papa kwa jumla hapa Kongowea, naomba msaada wa wanaoyajua mambo ya chumvi. Tangu masika yaanze, mzigo unaokaa ghalani zaidi ya wiki mbili unatoka rangi ya waridi, kisha unakoza kuwa mwekundu. Huanzia kwenye mikunjo ya nyama na pembeni mwa uti wa mgongo, ukigusa panateleza, na harufu si ile ya papa tuliyoizoea. Vipande vingine havina wekundu bali vidoadoa vya kahawia.

Samaki ni changu, tafi, nguru na papa. Hupasuliwa mgongoni, hutolewa matumbo, hupakwa chumvi ya mawe ya Gongoni, kilo moja kwa samaki kilo nne hivi. Hukaa pipani siku mbili, halafu uchagani juani siku tatu, mwisho hutiwa kwenye viroba na kupangwa ghalani chini ya mabati. Maji ya chumvi yanayobaki pipani hutumika kwa mzigo unaofuata ili kupunguza gharama.

Je, hivi ni vijidudu? Kama ni vijidudu, mbona chumvi haiviui? Nikiongeza chumvi vitakoma? Mzigo wenyewe unaliwa au wa kutupa? Na jingine: nina pipa la achari ya embe limefunga utando mweupe juu. Ni kitu kilekile?

Maabara ya Tudor:

Waaleikum salaam ndugu yangu. Wekundu ni vijidudu, ndiyo, na kwa uwezekano mkubwa umevinunua pamoja na chumvi. Chumvi ya Gongoni na Marereni hupatikana kwa kukausha maji ya bahari juani kwenye madimbwi. Katika madimbwi ya namna hiyo, popote duniani, chumvi inapokaribia kuganda maji huwa ya waridi au mekundu kwa sababu yamejaa vijidudu vipendao chumvi. Chumvi ikiganda, baadhi ya vijidudu hivyo hunaswa katika vitone vya maji ndani ya punje na hukaa humo vikiwa hai kwa muda mrefu. Si uzembe wa mwenye kiwanda. Chumvi ya jua ndivyo ilivyo. Chumvi iliyochemshwa na kukaushwa kwa moto huwa navyo vichache sana.

Anayejulikana zaidi kwa kuharibu samaki wa chumvi ni Halobacterium salinarum, pamoja na wale wa jamii ya Halococcus. Jina lina neno bakteria lakini wenyewe ni arkea, kundi ambalo wanasayansi Carl Woese na George Fox walilitenga na bakteria mwaka 1977. Tatizo lako ni la zamani kuliko hapo: Harrison na Kennedy walilieleza huko Kanada mwaka 1922, kwa samaki wa chumvi walioingia wekundu vilevile.

Kuhusu kwa nini havifi. Kijidudu cha kawaida ukikitia kwenye chumvi nyingi hunyonywa maji kikanywea. Hivi vimejaza potasiamu ndani ya miili yao hadi ikalingana na chumvi iliyo nje, kwa hiyo maji hayatoki. Protini zao zimeizoea hali hiyo mpaka zinaihitaji: vingi havikui chumvi ikiwa chini ya asilimia 10 hivi, na hustawi kuanzia asilimia 15 mpaka maji yaliyoshiba kabisa, yaani kama gramu 360 za chumvi kwa lita moja ya maji. Kwa hiyo jibu la swali lako la tatu ni hapana. Chumvi zaidi itafukuza bakteria wengine wa kuozesha na kuviachia hivi uwanja.

Udhaifu wao uko kwingine. Vinahitaji hewa. Vinahitaji joto, vikipendelea nyuzi 35 hadi 50, na penye ubaridi wa friji vinasimama. Vinahitaji unyevu kidogo. Na havipendi ukali wa asidi. Jua peke yake halivitishi, kwa sababu ile rangi nyekundu ndiyo kinga yao dhidi ya mwanga. Tena Halobacterium ana protini ya zambarau inayotumia mwanga kumtengenezea nguvu, protini ambayo watafiti Oesterhelt na Stoeckenius waliieleza mwaka 1971. Kwa hiyo unapoanika, kinachokusaidia ni ukavu. Mawingu yakitanda siku nzima ukasema "angalau wamekaa nje", hujavifanya lolote.

Vidoadoa vya kahawia ni habari nyingine: huyo ni ukungu, kwa kawaida Wallemia sebi. Anastahimili ukavu kuliko hivyo vyekundu, na hapendi joto kali. Ukiona vyote viwili katika mzigo mmoja, unyevu ndio wa kushughulikiwa kwanza.

Jaribio rahisi la kuvitenganisha: kwangua kidogo kwa kisu, tia kwenye glasi ya maji baridi yasiyo na chumvi, koroga. Halobacterium hupasuka; rangi husambaa na maji huvutika kidogo mithili ya ute. Ukungu hubaki punjepunje ukielea. Na kama kitu chekundu hakipasuki, chumvi ya samaki huyo huenda haikukolea, na kilichoota ni bakteria au hamira ya kawaida. Huyo ndiye wa kumwogopa zaidi.

Fundi wa Uchaga:

Maelezo ya hapo juu yako sawa. Mimi nagusa kazi yenyewe, maana kwenye maelezo yako kaka naona mambo manne ya kurekebisha, na la kwanza ni hayo maji ya pipani. Yamwage. Yana damu, protini na vijidudu vya mzigo uliopita. Kuyatumia tena ni kupanda mbegu kwa makusudi. Chumvi utakayookoa haifiki thamani ya kiroba kimoja kilichokataliwa na mteja.

La pili ni kipimo. Samaki kilo 4 ana maji kama kilo 3, na kuyashibisha maji hayo kunataka chumvi kilo 1 na kidogo. Wewe unatia kilo 1 kamili, tena sehemu yake inabaki chini ya pipa. Tia kilo 1 kwa kilo 3. Utasema tumeambiwa chumvi haiviui vyekundu. Ni kweli, lakini hapa chumvi inazuia vingine vibaya zaidi, na inatoa maji ili ukaushaji uwe mwepesi. Nyama isizidi unene wa sentimita 2. Nguru na papa wapige chanjo kila vidole viwili, na chumvi uisugue ndani ya chanjo, si juu ya ngozi tu. Damu ya kwenye uti ikwanguliwe yote kabla ya chumvi. Ndiyo maana wekundu wako unaanzia hapo: pana chakula na panachelewa kukauka. Papa atolewe damu mara tu anapovuliwa, kwa sababu nyama yake ina urea, na urea ikioza hutoa amonia. Amonia hupunguza ukali wote wa nyama, kwa hiyo papa huvikaribisha hivi vijidudu upesi kuliko changu.

Pipani, weka ubao na jiwe safi juu ili samaki wote wazame katika maji yao wenyewe. Wakizama hewa haifiki, na vyekundu havioti. Anayechomoza juu ndiye wa kwanza kuharibika. Siku mbili zinatosha tafi. Nguru na papa wape siku nne hadi tano.

Chumvi ya mawe ukiweza ikaange kwanza: sufuria pana, moto wa wastani, ukikoroga, na ikishapata moto yote sawasawa uhesabu nusu saa. Iache ipoe, ifunike. Wanaofanya kazi kubwa wasioweza kukaanga huiweka chumvi pakavu miezi kadhaa kabla ya kuitumia. Vijidudu hupungua ingawa havitoweki kabisa.

La tatu ni uanikaji. Siku tatu ni za kaskazi. Wakati wa masika siku tatu hazina maana yoyote. Usihesabu siku, pima uzito: chagua vipande vitatu vinene, vitie alama, vipime kila jioni kwa mizani ileile. Kipande kikipoteza chini ya asilimia 2 kutoka jana hadi leo, na leo palikuwa na jua, kimekauka. Papa asianikwe kwenye jua la saa sita siku ya kwanza. Nje hufunga gamba gumu na maji hubaki ndani, ukimkata baada ya wiki utakuta katikati ni mbichi. Mwanzo mwanike kivulini penye upepo, uchaga uwe juu ya ardhi kama mita moja. Jioni anua wote, wapange wamekandamizwa na uzito mpaka asubuhi, ili maji ya ndani yasogee nje, kisha anika tena.

La nne, ghala. Chumvi hunyonya maji kutoka hewani unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, na Mombasa usiku hewa hupita hapo mara nyingi. Samaki uliyemkausha vizuri anarudi kulowa akiwa ndani ya kiroba, halafu mchana mabati yanampikia joto lile lile vinalolitaka. Mzigo uliokauka ufunge ndani ya plastiki nzito isiyopitisha hewa, ukiwa umepoa kwanza. Ukifunga ukiwa na joto la jua, jasho litaganda ndani. Viroba vikae juu ya mbao, mbali na ukuta, na chini ya mabati weka dari hata ya makuti.

Forodha ya Likoni:

Mbona mnamzungusha? Aoshe kwa siki, aanike tena, auze. Watu wanafanya hivyo miaka nenda miaka rudi.

Maabara ya Tudor:

Siki inasaidia kwa kiasi, ndugu, kwa sababu havipendi asidi. Lakini kwa papa mwenye amonia siki huisha nguvu haraka, na kuosha kwa maji matupu kunaondoa chumvi ya juu. Hapo bakteria aitwaye Staphylococcus aureus anapata nafasi. Yeye anastahimili chumvi asilimia 15 na zaidi, anatoka mikononi na puani mwa watu, na sumu yake haiondoki kwa kupika. Kwa hiyo mpangilio ndio muhimu. Wekundu ukiwa juu tu na nyama bado ni imara: piga brashi ukitumia maji baridi yasiyo na chumvi, haraka haraka bila kuloweka. Kisha chovya dakika chache katika maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, yaliyoshiba, na yenye siki sehemu moja kwa tatu. Anika siku hiyohiyo. Kama jua hakuna, usianze.

Nyama ikiwa imelainika, inachanika kwa vidole, au harufu ya kuoza imeingia ndani, hakuna la kuokoa. Vijidudu hivyo vyenyewe havijulikani kuleta ugonjwa kwa mlaji. Wakorea hula jeotgal, vitoweo vya samaki na kamba vilivyochachuliwa kwa chumvi nyingi, na ndani yake arkea hupatikana. Mmoja, Halalkalicoccus jeotgali, alipewa jina kutokana na chakula hicho. Lakini kwenye ng'onda wekundu ni ushahidi kwamba samaki amekaa na joto na unyevu kwa muda, na hujui nani mwingine alikuwa kazini.

Mchuuzi wa Kongowea:

Shukrani sana nyote. Nimefanya jaribio la glasi: wekundu wa papa na changu umesambaa majini kama mlivyosema. Wa vipande viwili vya nguru haukusambaa. Hao nguru niwafanyeje? Na vyombo nivisafishe kwa nini?

Maabara ya Tudor:

Hao nguru usiwauze. Ama chumvi haikukolea, ama ni Halococcus, ambaye ukuta wake ni mgumu na hapasuki kwa maji matupu. Kwa macho huwezi kujua ni yupi, kwa hiyo chukulia lile baya.

Tena nguru, jodari na vibua wana hatari ambayo rangi haiionyeshi. Nyama yao ina histidini nyingi, kijenzi kimoja cha protini. Samaki akikaa kwenye joto kabla ya kutiwa chumvi, bakteria huigeuza kuwa histamini, na baadaye chumvi, jua wala jiko haviiondoi. Ndani ya maji ya chumvi yenyewe wapo wengine wanaoendelea na kazi hiyo. Tetragenococcus muriaticus ni mmoja wao. Kikomo cha histamini katika Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ni miligramu 200 kwa kilo. Mlaji huingia wekundu usoni, kichwa humgonga, mwili humwasha, moyo humwenda mbio ndani ya dakika chache hadi saa chache. Nguru atoke barafuni aingie chumvini. Akifika kwako akiwa vuguvugu, mrudishe kwa mwenyewe.

Vyombo: hapa maji matupu ni rafiki yako. Osha mapipa, mbao, visu na uchaga kwa maji mengi yasiyo ya bahari, sugua kwa sabuni, suuza. Kisha, kwa ajili ya Halococcus, pitisha dawa ya klorini ya nyumbani, kijiko cha chai kimoja kwa lita ya maji, uiache dakika 10, usuuze tena na ukaushe. Wengi huosha kwa maji ya bahari kwa sababu yako karibu. Hayo hayavipasui.

Ukitaka kuijua chumvi kabla ya kununua magunia, tia gramu 300 katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, ongeza kipande kidogo cha samaki mkavu aliyechemshwa, funika kwa kitambaa na uweke mahali penye joto. Chupa ya pili ifanye hivyohivyo kwa chumvi uliyoikaanga. Wiki mbili au tatu zitakuonyesha. Vinakua polepole, kwa hiyo maji meupe siku ya tano hayajathibitisha kitu.

Bi Achari wa Mji wa Kale:

Haya mwanangu, achari yako nayo isisahauliwe. Huo utando si vile vyekundu. Ni hamira za mwituni zinazoota juu penye hewa, nazo huvumilia chumvi na ukali. Vyekundu haviwezi kuishi kwenye embe bichi wala ndimu, ukali unavishinda.

Watu husema achari "imechacha", lakini achari nyingi za hapa hazichachi kwa kweli. Ndimu kilo moja kwa chumvi gramu 150 hadi 200, pamoja na ukali wake mwenyewe, hakuna bakteria wa maziwa lala atakayefanya kazi humo. Kinachoilainisha ni chumvi, asidi na jua. Inayochacha kweli ni karoti au pilipili nzima kwenye maji ya chumvi ya gramu 30 hadi 50 kwa lita. Humo huanza Leuconostoc na humalizia Lactiplantibacillus plantarum, na maji hufanya wingu. Ukitia chumvi gramu 100 kwa lita ukidhani unaongeza usalama, unawazuia hao na mboga inabaki bila ukali, ikitegemea chumvi peke yake.

Embe lako: kilo moja ya vipande, chumvi gramu 100 hadi 150, siku mbili kwenye chombo kilichofunikwa, ukipindua mara mbili kwa siku. Kamua, anika mpaka ukingo wa kipande ujikunje, ndipo utie haradali, uwatu, pilipili na mafuta yaliyopashwa moto yakapoa. Mafuta yapande juu ya vipande kwa kimo cha sentimita moja. Utando umekuja kwa sababu vipande vimechomoza, au kijiko chenye maji kimeingia.

Utando ukiwa mwembamba, uondoe pamoja na vipande vya juu, futa kuta za pipa kwa kitambaa kilicholowa siki, zamisha vilivyobaki, ongeza mafuta. Usiukoroge ndani, kwa maana hamira hizo hula asidi. Ukiziacha miezi, ukali unashuka na wabaya wanapata mlango. Nunua karatasi za kupimia pH, yaani kipimo cha ukali, ambacho namba ikiwa ndogo ukali ni mwingi: kwenye maji ya achari isome chini ya 4. Ikipita 4.6, mwaga, hasa kama umetia vitunguu saumu vizima chini ya mafuta, maana huko hakuna hewa na sumu ya botulini hutengenezwa pasipo harufu yoyote. Ukiona ukungu wa kijani, mweusi au wenye manyoya, mwaga yote.

Na hilo pipa, mwanangu, kama liliwahi kutiwa papa, usilitilie achari. Plastiki imeshanywa harufu, na mikwaruzo yake huwezi kuisafisha mpaka ndani.